Siku Niliyowanenepesha Watoto kwa Kalamu

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine: niliwahi kusema uongo juu ya watoto wadogo ishirini na watatu, tena uongo wa kuandikwa kwa wino, na nikaumbuka mchana kweupe mbele ya mama zao, daktari mzungu, mke wa mwenye shamba, na mbwa wake wawili (hata mbwa walinitazama, msicheke, nawaambia walinitazama). Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Nakuru, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kichwani nilishajiona nimevaa ile kofia nyeupe ya manesi. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea kwisha, Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau imelegea kidogo lakini bado mtu hatoki shamba moja kwenda lingine bila karatasi mfukoni, kwa hivyo baba alipoambiwa kwamba kuna shamba la kahawa huko Subukia linatafuta msichana anayejua kusoma wa kuangalia watoto wa vibarua, alinitafutia hiyo karatasi haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Nasari yenyewe, mahali pa kuwalelea watoto hao, ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya udongo, jiko nje, na uwanja wa kuchezea uliozungushiwa seng'enge. Asubuhi akina mama walileta watoto wakaenda kuchuma kahawa, jioni wakawachukua. Mpishi wetu alikuwa Mama Zilpa, mjane kutoka upande wa Kakamega, mama mnene wa sauti ndogo, ambaye alipika uji wa wimbi saa nne, na saa saba maharagwe na viazi, na kila mtoto akapata kikombe cha maziwa ya mashine, yale ambayo krimu imekwisha kutolewa. Juu yetu alikuwa Sista. Huyo alikuwa nesi mzungu aliyezunguka mashambani na gari lake, mwembamba, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Wazungu wengi, na ndiye aliyenipa kitabu.

Kitabu kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja niandike kila siku nani amekula nini na amekula namna gani. Upande wa pili niandike uzito wa kila mtoto, kila Jumatatu, kwa ratili. Sista aliniambia, "Rebeka, ukikitunza hiki miezi sita, nitakuandikia barua ya kwenda kusomea unesi." Basi mimi kitabu kile nilikilaza chini ya mto kama Biblia.

Na ile kazi ya kuandika chakula niliipenda, sitadanganya (kwa hilo angalau). Mtoto akila anajionyesha alivyo. Kulikuwa na Kiptoo, miaka mitatu, alikuwa anamenya kila haragwe moja moja, anapanga maganda kwenye goti lake, halafu anakula yale meupe, halafu mwishowe anakula na maganda. Wangari hakugusa uji mpaka kikombe kigeuzwe, kile kipande kilichobanduka kiangalie upande mwingine. Pacha wa Mama Opiyo walikuwa wakifika nusu wanabadilishana vikombe, kila mmoja ana hakika mwenzake amepewa zaidi. Halafu Jeremia, mtoto wa Esta, hajafika hata miaka mitatu, mpole, anaweka chakula kwenye shavu la kulia na kukaa nacho hapo kama mtu anayesikiliza kitu mbali, halafu anatoka taratibu anaenda nyuma ya banda. Anarudi, kikombe hakina kitu. Mimi naandika: Jeremia, amemaliza.

Shida ilikuwa Jumatatu. Mizani haikuwa yetu. Ilikuwa ile ya kuning'inizwa ya kule kiwandani, ya kupimia kahawa, na ilibidi niifuate mwenyewe, mwendo wa nusu saa kuteremka na nusu saa kupanda nikiwa na chuma begani, halafu niitundike kwenye boriti, nimtie mtoto mmoja mmoja kwenye gunia lenye matundu mawili ya miguu, naye analia kama anachinjwa. Miezi mitatu nilifanya hivyo bila kukosa. Kisha kahawa ikaiva yote kwa mpigo, karani wa kiwanda akawa mkali kuiachia mizani yake, na Jumatatu moja mvua ilinyesha ile ya kupiga mabati mpaka hamsikizani, nikasimama mlangoni na gunia langu nikiitazama njia ilivyogeuka mto wa tope jekundu.

Nikajiambia, Rebeka, wiki moja tu. Watoto wanakua, si wanakua? Nikakaa chini, nikachukua kalamu, nikampa kila mtoto nusu ratili. Pacha nikawapa sawasawa wasigombane.

Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yenyewe, ndogo hivyo, na sikuchukua hata dakika kumi. Jumatatu iliyofuata mvua haikunyesha lakini nilikumbuka uso wa karani, nikatoa nusu nyingine. Ya tatu sikutafuta hata kisingizio. Ya nne nilikuwa na furaha (nilikuwa nimepata kitambaa kipya cha kichwa) nikawagawia ratili nzima wale ninaowapenda. Kufika ya tano, watoto wangu walikuwa wananenepa kwenye karatasi kama ng'ombe wa maonyesho, nami nikageuza kurasa nikaona hesabu zinapanda vizuri kwa mwandiko mzuri, na mnanisikia, nilijivunia.

Na Sista naye akajivunia. Alikuja Jumatano moja, akaangalia kitabu akiwa amesimama karibu na gari, akavua miwani, akavaa tena.

"Rebeka, hii ni ajabu. Hakuna shamba lingine lina watoto wanakua hivi."

"Ni Mungu, Sista," nikasema. (Nilimsingizia mpaka Mungu.)

"Kesho nitaleta daktari kutoka Nakuru aone. Nitamwambia na memsahib. Na mama za watoto waitwe, wapewe ruhusa saa moja, waone watoto wao wakipimwa. Tunataka mashamba mengine wafanye kama wewe."

Akaondoka. Nilibaki pale nikiwa nimeshika nguzo ya seng'enge. Kuanzia wakati huo miguu yangu haikutulia tena. Niliingia bandani nikatoka, nikazunguka jiko, nikaosha vikombe vilivyokwisha oshwa, nikakimbia kiwandani nikamwomba karani mizani kwa sauti ambayo hata yeye alishtuka akanipa. Nikampima Kiptoo peke yake, kwa siri. Kitabu kilisema ratili thelathini na mbili. Mizani ilisema ishirini na nane na nusu. Nikampima Wangari. Nikaacha kupima.

Sasa mtu mwenye akili angemfuata Sista siku ileile akasema ukweli. Mimi nilipata wazo lingine. Asubuhi nilifika jikoni kabla ya Mama Zilpa, na alipokuja nikamwambia leo tupike uji mara tatu, mzito, na viazi vitamu sufuria nzima, na maharagwe yawahi, na maziwa ya kesho tuyatoe leo.

Akanitazama. "Mwalimu, hawa ni watoto ama ni magunia?"

"Wageni wanakuja, Mama Zilpa. Wasiwakute na njaa."

"Njaa ni moja. Hii unataka ni nyingine," akasema, lakini akapika.

Nililisha watoto wale siku ile kama mtu anayefungasha mizigo ya safari. Nilikuwa natembea katikati yao na kijiko, narudi, namgusa huyu tumbo, namwongeza yule, nawaahidi hadithi, nawaahidi pipi ambazo sikuwa nazo. Kiptoo alinyimwa nafasi ya kumenya maharagwe akalia. Pacha walichoka hata kubadilishana vikombe. Jeremia nilimshikia kidevu nikamwambia meza, akameza machozi yakimtoka, nikasema ni ukaidi. Kisha nikawavalisha kila nguo waliyokuja nayo, sweta juu ya sweta, na walio na viatu viatu, jua lile la saa nne linawaka.

Wageni walisema saa nne. Walikuja saa tano na nusu.

Huo muda wa kungoja sitausahau. Akina mama walikuwa wamefika, wamekaa kwenye nyasi na vikapu vyao, na nyapara Barnaba anatembea na fimbo akijifanya ndiye aliyezaa watoto wote. Mimi nikienda mlangoni, nikirudi kwenye mizani, nikigusa ndoano. Watoto walianza kulala wakiwa wamekaa. Kisha wakaanza kuomba kwenda haja, mmoja, wawili, watano, nami (nisameheni) nikawazuia, kwa sababu kila tone lilikuwa na uzito wake.

Mwishowe wakafika. Daktari alikuwa mzee mrefu, mashavu mekundu, akawasalimu akina mama kwa kuinua kofia, jambo ambalo liliwafurahisha sana. Memsahib, mke wa mwenye shamba, akakaa kwenye kiti na mbwa wake. Sista akafungua kitabu changu mapajani akasema kwa sauti, "Tuanze na Kiptoo. Jumatatu alikuwa thelathini na mbili."

Daktari akamwangalia Kiptoo. "Kwa nini hii mtoto navaa namna hii? Toa nguo."

Sweta la kwanza likatoka. Sweta la pili likatoka. Shati likatoka, na tumbo la Kiptoo likatokeza limevimba kama ngoma, na mama yake akauliza kutoka kwenye nyasi, "Hiyo tumbo ni ya nani?" Wakacheka kidogo. Kiptoo akaingizwa kwenye gunia. Mshale ukacheza, ukasimama. Daktari akasoma, "Ishirini na tisa."

"Mizani labda ina kutu," nikasema haraka.

Wakamtia Wangari. Pungufu ratili tatu. Wakamtia pacha wa kwanza, naye akiwa ananing'inia pale juu, mbele ya uso wa daktari, subira yake ikaisha. Haja ndogo ilishuka kupitia gunia, ikapiga kiatu cha daktari, na mshale, naapa, ukarudi nyuma kidogo huku sote tunautazama. Pacha wa pili alipoona ndugu yake amepata nafuu hakungoja gunia. Halafu uji wa Wangari ukarudi wote, na viazi, kwenye nyasi karibu na mbwa, nao mbwa wakaja kuona, memsahib akaruka kutoka kwenye kiti akipiga kelele, na watoto wote ishirini na watatu wakaanza kulia kwa pamoja.

Kama ingeishia hapo ningekuwa mtu wa kuchekwa tu. Lakini Sista alikuwa anaendelea kupima, uso wake unazidi kuwa mweupe, na kila mtoto alikuwa chini ya kitabu. Kila mmoja. Na akina mama hawakuwa wajinga, walisikia zile hesabu.

Mama Opiyo akasimama. "Watoto yetu inakonda? Siku nne tu mtoto anapoteza ratili tatu? Wanakula nini hapa?"

"Wanapewa maziwa kila siku," nyapara Barnaba akasema. "Maziwa inatoka kwa Bwana ikiwa imejaa debe. Tuulize inaenda wapi." Akanyoosha fimbo kuelekea jikoni.

Mama Zilpa alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Watu wote wakageuka. Memsahib naye, bado ana hasira za mbwa, akasema, "Wewe, mpishi! Wewe naiba maziwa ya watoto? Barnaba, kwenda angalia nyumba yake. Kama iko maziwa, leo natoka shamba."

Kutoka shamba wakati ule mnajua maana yake. Nyumba inakwenda, kazi inakwenda, kile kipande cha mahindi ulichopanda kinabaki kwa mwingine. Mama Zilpa alishusha mwiko. Alinitazama mimi. Alijua tangu asubuhi, alikuwa amepima yale maneno yangu ya wageni na njaa, na aliningoja niseme, na mimi, nawaambia ukweli, sikusema. Nilihesabu hatua za Barnaba. Alipita seng'enge. Alipita tangi la maji. Ile barua ya unesi niliiona mbele yangu imefungwa vizuri. Esta, mama yake Jeremia, akapaza sauti, "Huyo mama hawezi iba! Alinikopesha unga!" na mwingine akamjibu, "Unga ya nani?" na Barnaba akafika mlangoni pa nyumba ya Mama Zilpa akasukuma mlango kwa fimbo.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka nyembamba kama ya paka. "Sikupima! Sikuwapima wiki tano! Niliandika tu!"

Hata watoto waliacha kulia.

"Uliandika nini?" Sista akauliza, polepole.

"Nilikuwa nawaongeza nusu nusu. Kulikuwa na mvua." Halafu, kwa sababu mdomo ukishafunguka haufungiki, nikaeleza yote, karani, kitambaa cha kichwa, ratili nzima kwa ninaowapenda, uji mara tatu, sweta.

Mama Kiptoo ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kwa kiganja, ikashindikana, akacheka mpaka akalala ubavu kwenye nyasi. "Wangu alipata ratili nzima! Mwalimu anampenda!" Wakaanguka mmoja mmoja, mpaka nyapara, mpaka memsahib, alipotafsiriwa maneno yangu, akageuza uso mabega yakimtetemeka. Ningetaka ardhi ipasuke, lakini ilikuwa ngumu ile ya kiangazi, mimi na yeye tukatazamana.

Wawili hawakucheka. Sista alikuwa ameinamisha kichwa. Na daktari alikuwa amechukua kitabu, akarudi nyuma kwenye kurasa za zamani, zile za kweli, akawa analinganisha na hesabu za siku ile, kidole kinashuka, ratili moja zaidi, nusu zaidi, vizuri, vizuri. Kidole kikasimama.

"Jeremia iko wapi?"

Esta akamleta, kicheko bado kiko usoni mwake. Daktari akamwonyesha Sista. Wiki tano nyuma, siku niliyompima kwa mikono yangu, Jeremia alikuwa ratili ishirini na tano. Leo, pamoja na uji wangu wote, alikuwa ishirini na mbili. Kwenye kitabu changu alikuwa ishirini na nane.

"Hii mtoto nakula namna gani?" daktari akaniuliza.

Na nilijua! Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Nilikuwa nimemwona kila siku. "Anaweka shavu la kulia," nikasema. "Hatafuni. Anaenda nyuma ya banda, nafikiri anatema."

Daktari akapiga magoti kwenye nyasi zile zilizochafuka, akamfungua kinywa taratibu kwa kidole. Upande wa kushoto, nyuma, jino lilikuwa limevunjika (baadaye Esta alikumbuka alianguka kwenye mawe ya mtoni) na ufizi umevimba, una usaha. Kicheko kilikwisha kama mtu amefunga mlango. Daktari hakupandisha sauti. Alisema atamchukua kwa gari lake sasa hivi, yeye na mama yake, hospitali Nakuru.

Esta alipita karibu nami akiwa amemkumbatia. Akasimama. "Ticha, mimi sijui kusoma. Nilikuwa naamini wewe unanisomea."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga.

Jeremia alikaa hospitali siku tisa, jino likang'olewa, akarudi. Sista hakunifukuza, na barua hakuandika mwaka ule wala uliofuata. Kila Jumatatu akina mama wawili walitumwa kusimama karibu na mizani, nami nikisoma uzito kwa sauti nao wakikagua mshale kwa macho yao, na nilistahili. Mama Zilpa alinipikia na kunipakulia kwa siku nne bila kuniambia neno. Siku ya tano aliniwekea sahani mbele, akakaa na yeye na ya kwake, akasema, "Mimi si kufukuzwa ndiyo iliniuma. Ni vile ulihesabu mpaka Barnaba akafika mlangoni." Tukala.

Unesi niliupata baadaye, kwa kuchelewa na kwa kuombaomba, na nikafanya kazi ya wodi miaka mingi. Nadhiri yangu ni moja na nimeishika: nisipoona kwa macho yangu, siandiki. Mara moja matroni alinikuta na karatasi ya mgonjwa ina pengo, akaniuliza mbele ya wanafunzi wote joto la saa nne liko wapi, nikamwambia, "Sijapima, matroni." Alinikemea mpaka wagonjwa wakaamka kutazama. Nikasikiliza yote nimesimama wima, alipomaliza nikachukua kipimajoto, nikaenda kitandani kwa yule mgonjwa, nikamwomba afungue kinywa, na kabla ya kuweka kile kioo nikaangalia kwanza meno.